Nilivyomkimbia Baba Mkwe Siku ya Kubatizwa

Nianze na waliokuwepo. Mimi mwenyewe. Mume wangu, aliyebatizwa zamani shuleni. Mama yangu mdogo, msimamizi wangu. Katekista, mtoto wa mjomba wa mama. Padri Mzungu, ambaye hakuwa ndugu wa mtu. Na baba mkwe wangu, ambaye hakuna aliyeniambia kwamba atakuja. Majina ninayo yote, hata la mbwa wa padri, ila siyaandiki: wajukuu zao nakutana nao sokoni.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, huku kwetu vilimani, upande wa Mbebe. Katekisimu niliikariri miaka mitatu bila kujua kusoma. Mwaka wa pili nilirudishwa, kwa kuwa niliulizwa amri ya sita, ile ya usizini, nikacheka. Padri akasema nikiharibu tena, naanza upya na wanaoanza. Na mume wangu alikuwa amezuiwa komunyo kwa ajili yangu, maana ndoa yetu haikufungwa kanisani. Kila Jumapili wenzake wakienda mbele, yeye anabaki kwenye benchi anatazama vidole vya miguu.

Basi Jumamosi Takatifu asubuhi tukapangwa mstari mlangoni. Nageuka, kundi la kigango cha ng'ambo ya mto hilo limefika, na wa kwanza ni baba mkwe, shuka nyeupe begani. Naye kumbe alikuwa anasoma dini huko!

Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, anaingia porini. Na kichwa wazi mbele yake, heri kifo. Mimi niliyemjibu padri juzi kwamba naogopa dhambi tu, nilikimbilia shamba la maharage la misheni nikachutama.

Mama mdogo akanifuata. "We mtoto, unamkataa Shetani au unamkataa baba mkwe?"

"Wote wawili, mama."

"Haya, maharage yakubatize."

Katekista akasema wanawake wawili washike shuka katikati, wanaume huku, sisi kule. Nikarudi, nimejifunika gubigubi. Padri aliikubali shuka, lakini kitambaa changu hakukikubali.

"Maji lazima yaguse kichwa. Hivi nitabatiza kitambaa."

Nikakishika kwa mikono miwili. Watu wakaanza kukohoa. Ndipo kutoka upande wa pili ikaja sauti ya mzee, ambaye hajawahi kusema nami hata neno: "Mwambieni mke wa mwanangu nimefumba macho. Afanye haraka, magoti yananiuma."

Nikavua. Maji yale baridi, nusura niseme neno la shambani. Na mimi nilikuwa nimefumba macho, kwa heshima. Nikaondoka hivyo hivyo, mjinga mimi, nikaiparamia shuka, ikaanguka, nikamgonga mtu kifuani. Akanidaka mkono, naye, waliniambia baadaye, macho kayafumba bado.

"Huyu nani?" akauliza.

Kanisa zima likamjibu.

Mzee akaniachia mkono. Kisha akasema, "Basi. Kama ni dhambi, mimi bado sijabatizwa, itaoshwa pamoja na zangu." Akasogea kwenye maji.

Jumatatu ya Pasaka tukafungishwa ndoa, na mume wangu akaenda mbele na wenzake. Nilitembea nyuma yake macho wazi kabisa.

Kuna wanaosema siku ile nilianguka chini na mzee. Mimi nakumbuka tulisimama. Aliyeona vingine aje anisahihishe, nyumbani nipo.