Mkomamanga wa Bakulini

Japani ilipoanza kupigana na Waingereza, na askari walipokuja kuwachukua Wajapani waliopanga ghorofa yetu ya juu, waliupiga mlango kwa vitako vya bunduki ingawa haukuwa umefungwa. Ubao wa katikati ukapasuka. Mume wangu alikuwa akiteremka ngazi na funguo mkononi, na mmoja wao alimsukuma ukutani, akamkaba koo na kumuuliza redio iko wapi. Redio haikuwapo. Mle juu aliishi mfanyabiashara aliyemletea mume wangu vitambaa vya dukani, pamoja na mke wake na miti midogo aliyoikuza mkewe darini, juu ya paa bapa la nyumba, kila mti katika bakuli lake la udongo.

Bibi yule alikuja na mti mmoja kutoka kwao, wenye majani kama vidole vya mtoto mchanga. Joto la Mombasa likauua. Ndipo akaigeukia miti ya kwetu, mkwaju na mkomamanga na mingineyo, akiipogoa na kuifunga waya mpaka ikawa na sura ya miti mikongwe, na hali haikufika kimo cha goti. Mimi nilikuwa mke mgeni katika nyumba ile ya Mji wa Kale, sina wa kuzungumza naye mchana, nikawa napanda juu kumtazama. Kiswahili chake kilikuwa haba, lakini mikono yake ilisema ya kutosha.

Siku ile askari waliyavunja mabakuli moja baada ya jingine, wakitafuta kilichofukiwa udongoni, kisha wakaitupa miti kichochoroni, na watu huko chini wakashangilia. Ulisalia mkomamanga tu, kwa sababu ulikuwa nyuma ya pipa la maji. Huo nao askari aliupiga teke alipokuwa akipita. Bakuli likapasuka, shina likachanika karibu na mizizi. Bibi alipopitishwa mbele yangu shavu lake lilikuwa limevimba. Aliniambia neno moja, "Maji." Sikumwona tena.

Niliuhamishia mti ule katika bakuli jingine, nao ukaishi.

Chumba cha chini kilikuwa na mpangaji mwingine, mama wa Kidigo aliyekuwa akipika mahamri na mbaazi na kuwauzia wachukuzi wa maghala ya Shimanzi asubuhi. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alibeba mizigo katika maghala hayo hayo. Nilipojifungua na kulala kitandani, yeye ndiye aliyepanda ngazi kila jioni kuumwagilia mkomamanga maji.

"Mti wako una adabu kuliko mwanangu," aliniambia. "Nauacha hapa leo, na kesho naukuta papo hapo."

Mwanawe alikuwa amekwisha kuandikishwa jeshini. Wakamvika kofia ya keya, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wakampeleka Burma kupigana na Wajapani. Habari za kifo chake zililetwa na tarishi wa serikali, ambaye alizisoma mlangoni akiwa amesimama, kama mtu anayetangaza mnada. Mama yule alimvua tarishi kofia, akaitupa mtaroni, akaingia ndani. Hakulia. Tulikaa matanga naye, na hata matangani alikuwa akisimama kuwapikia waliokuja kumpa pole. Walipotawanyika alianza kupasua kuni. Alipasua hata zilizokwisha kupasuliwa, mpaka zikawa vibanzi vya kuwashia moto, nasi kule juu tulisikia shoka kutwa.

Wakati huo mkomamanga ulikuwa unaoza. Lile jeraha la teke halikupona. Wadudu waliingia na shina la chini likawa laini kama mkate uliolowa, ingawa sehemu ya juu ilikuwa nzima. Nikafanya kama nilivyomwona yule bibi wa Kijapani akifanya. Nilimenya ganda kuzunguka shina, juu kidogo ya pale palipooza, nikapafunika kwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, nikayazungushia kipande cha gunia na kukikaza kwa uzi. Nikawa nayanyeshea kila siku yasikauke. Mizizi huota hapo palipomenywa, na ikishakuwa mingi unakata chini yake, ukapata mti mwingine. Nilipoona ncha nyeupe zimetokeza kwenye gunia, nilijua wakati umefika.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimechuchumaa darini na msumeno mdogo, nimekwisha kukata nusu ya shina, niliposikia nyayo kwenye ngazi. Alikuwa mama wa chini, na shoka mkononi.

"Karibu, mama," nilisema.

"Dukani wanasema huo ni mti wa Mjapani."

"Ni mkomamanga tu. Umeumwagilia wewe mwenyewe."

"Nimeumwagilia mimi mwenyewe," alisema. "Mwanangu yuko matopeni huko, hana kaburi ninalolijua, nami huku nawanyweshea wao mti wao."

Aliliinua shoka. La kwanza lilipiga bakuli na udongo ukaniruka machoni. La pili likalimaliza lile shina nililokuwa nikilikata, na sehemu ya juu ikaangukia kando pamoja na gunia lake. Alipolinyanyua mara ya tatu nilimrukia kiunoni. Sikujua alikuwa na nguvu kiasi kile, mikono iliyokanda unga miaka yote hiyo. Alinipiga kwa mpini mkono wa kushoto, nami nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilimuuma begani mpaka nikaonja damu. Tulibiringika tukaivuta kamba ya nguo, shuka za mtoto zikatuangukia, naye akanipiga ngumi kupitia shukani, usoni, masikioni, popote. Nilipopata kuona tena, mgongo wangu ulikuwa juu ya ukingo wa dari, kichwa changu kinaning'inia upande wa kichochoro, na mikono yake ilikuwa shingoni mwangu. Ilinuka iliki.

"Nikikusukuma," alisema taratibu, "mamako naye atajua."

Nilitapatapa kwa visigino, sikuwa na pumzi.

Mume wangu alikuwa amerudi kula na mfanyakazi wake wa dukani. Walimvamia wakambandua juu yangu. Lau wangeishia hapo! Mume wangu alimpiga mateke tumboni, kisha akamshika nywele na kumburura kwenye ngazi, na kichwa cha mama yule kikawa kinagonga kila kidato. Hakupiga hata ukelele. Niliwafuata huku nimeushika mkono wangu.

"Mwache! Utamuua!"

"Yeye alitaka kukuua wewe!"

"Nimesema mwache!"

Hakuniangalia hata kidogo. Nikarudi juu, nikaokota shoka kwa mkono mzima, nikateremka nikalipiga kwenye mlango wa ghorofa, shubiri moja kutoka kichwani mwa mume wangu. Likakwama ubaoni. Alilitazama lile shoka, akanitazama mimi, akaziachia nywele.

Mama yule aliketi kwenye kidato, mdomo unatiririka damu na jicho moja limefumba, na hapo ndipo alipolia. Lilikuwa ni bweko, halikuwa kilio cha mtu. Mtaa mzima ulilisikia, na hakuna aliyethubutu kuingia.

Mume wangu alitaka kuwaita polisi. Nilimwambia akiwaita nitasema nilianguka. Basi akapanda nami darini. Mfanyakazi alitumwa kwenda kumtafuta mganga wa mifupa. Kile kipande cha juu kilikuwa chini ya shuka, majani yamepondeka, lakini makumbi hayakuwa yamefumuka na mizizi ilikuwa bado ndani yake. Bakuli halikufaa tena, nikachukua karai.

"Lishike shina wima," nilimwambia. "Usilitikise. Mizizi hii ni laini, inakatika."

Alilishika, na kingo za kanzu yake zilikuwa na damu isiyo yake. Nilifungua gunia, nikayaacha makumbi yalivyo, nikasukumia udongo pande zote kwa mkono mmoja, kisha nikamwambia alifunge shina kwa kamba kwenye mishikio ya karai upepo usiliyumbishe. Fundo la kwanza likamfyatuka, akarudia.

Mti ulipukutisha majani yote. Baada ya wiki kadhaa ukachipua.

Mama wa chini aliondoka kesho yake asubuhi, hakumuaga mtu. Vita vilikuwa vimekwisha kitambo nilipokutana naye tena, ameketi na ungo wake karibu na lango la maghala ya Shimanzi. Lile jicho halikufumbuka tena.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Alinitazama kwa lile moja. "Mkono?"

"Haunyooki sawasawa."

"Na mtoto?"

"Ameanza chuo cha Kurani. Anasoma juzuu ya kwanza."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akanifungia mahamri katika karatasi. Lori likapita karibu, likatutimulia vumbi, naye akaufunika ungo kwa upindo wa kanga yake.