Njia ya Illasit Hupitia Kajiado

Jambo la kwanza ambalo Joram Kiama alilitambua kwa Ruqia Abdishakur ni kwamba mama huyo hakupokea habari yoyote bila kuuliza imetoka kwa nani. Siku yake ya kwanza ofisini Kitengela, mwaka wa 2006, Joram alimwambia chai imefika.

"Umeiona wewe, ama umeambiwa?"

"Nimeambiwa na askari wa geti."

"Basi sema askari amesema."

Joram, ambaye digrii yake ya kompyuta haikuwa imetimiza miezi mitatu, alidhani ni ukali tu wa mtu mzima. Ruqia, au Mama Mowlid kama wote walivyomwita, ndiye aliyetunza mtandao wa kompyuta wa zahanati za shirika lao la afya: Kitengela, Kajiado na Mashuuru. Ya nne, Illasit, ilikuwa bado nje. Damu ya wagonjwa wa Illasit ilipimwa Kitengela, nao walisafiri kutwa nzima kufuata majibu. Sasa wafadhili walikuwa wametoa neno: isipoingia mtandaoni kufikia Ijumaa saa kumi jioni, Illasit itaondolewa kwenye mradi.

Kazi alipewa Joram. Akaiunganisha Illasit na Mashuuru, kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu. Ijumaa saa nane mchana, Mashuuru iliiona Illasit bila shida. Lakini Kitengela na Kajiado, zilizokuwa uti wa mgongo wa mtandao wote, hazikuiona kabisa. Joram alizima na kuwasha ruta, vile visanduku vinavyouchagulia ujumbe njia, mpaka vidole vikamuuma.

Simu ikalia. Alikuwa Simel, tabibu wa Illasit, akisalimia kwa Kimaasai; Mama Mowlid akamweka kwenye spika.

"Sopa, Mama Mowlid! Niko na akina mama kumi na wawili kwa benchi hapa, wanangoja majibu. Niwaambie warudi nyumbani?"

"Ipa, Simel. Wakae. Injinia wangu bado anapigana na masanduku."

"Mwambie asiyavunje!"

Mama Mowlid aliivuta karatasi ya Joram, akaitazama michoro yake kwa muda mrefu.

"Mwaka wa tisini na saba," alisema, "nilikuwa naongea kwa redio ya malori ya baba yangu. Ng'ombe walitoka Illasit, wakapita Mashuuru, wakaja hapa. Mvua ile ilikuwa inanyesha vibaya. Asubuhi karani wa Illasit akasema, labda mto wa Mashuuru unapitika. Mashuuru wakasikia, wakatuambia sisi, na sisi jioni tukamwambia yeye: mto unapitika. Akafurahi! Hakujua ni maneno yake mwenyewe yamezunguka yakamrudia. Akatoa lori. Ng'ombe kumi na mmoja wakaenda na maji."

Joram aliacha kubofya.

"Kutoka siku hiyo nikaweka sheria. Kila kituo kijue njia zake zote, kila shimo. Lakini habari ya eneo lingine inapitia Kajiado peke yake, na Kajiado haielezi mashimo, inasema tu: kutoka kwangu ni saa ngapi. Wewe unajumlisha na saa zako za kufika Kajiado, unachagua. Ukisikia kando, usipitishe."

Joram aliitazama karatasi yake upya. Kwa miaka minne alikuwa amekariri kwamba ruta hujua ramani kamili ya eneo lake tu. Kwamba maeneo mengine hupata muhtasari wa gharama ya njia kutoka kwa ruta za mpakani. Kwamba muhtasari huo lazima upitie eneo sifuri, yaani uti wa mgongo, usije ukazunguka. Alikariri akapata alama nzuri. Kumbe mwanamke huyu aliyafikia yale yale akiwa na redio, mvua, na hasara ya baba yake!

"Lakini Mashuuru inaiona Illasit, Mama."

"Inaiona, ndiyo. Haina ruhusa ya kuisimulia. Ruta yako ya Mashuuru imeshika eneo la Mashuuru na eneo la Illasit. Eneo sifuri imeligusa wapi?"

Joram alijipiga paji la uso. "Haijaligusa! Kosa ni langu. Tunahitaji kiungo pepe, Mama! Kinapita ndani ya eneo la Mashuuru, kinaishika Kajiado. Kwa hesabu za ruta, Mashuuru itakuwa kwenye uti wa mgongo."

"Sasa unaongea kama mtu aliyesoma. Andika."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa. Joram aliandika amri kwenye ruta ya Kajiado, akaingia ya Mashuuru, akakosea tarakimu moja, akafuta, akaandika tena. Simel alikuwa bado kwenye simu. Nyuma yake mtoto alilia na mama mmoja akacheka.

Kwenye skrini ruta mbili zilianza kusalimiana, kisha zikaanza kubadilishana ramani, mstari baada ya mstari. Orodha ya njia za Kitengela ilikuwa bado na maeneo mawili, uti wa mgongo na Mashuuru; mstari wa tatu ungekuwa wa Illasit.

"Imeingia?" Simel aliuliza.

"Bado," alisema Joram, uso wake umekaribia kioo cha skrini. "Kajiado inaanza kujumlisha."

Mama Mowlid alivuta kiti chake, akaketi kando yake, wote wawili wakaukodolea macho mstari wa tatu, ambao ulikuwa bado mtupu.