Siku Hesabu za Bi Hija Ziliposhuka

Nyumba ya Bi Hija iko Mkunazini, na ngazi zake kali hata mie ninayetembea kutwa hupumzika mara mbili. Huko juu yeye hushona kofia za mkono. Kila tundu hulihesabu kwa midomo, maana ukiruka moja tu, ua zima linakwenda upande.

Kwa subira hiyo, Mwalimu Haroub anayesomesha fizikia alimkabidhi kijisanduku cheusi. Kimekaa juu ya kabati, kinahesabu miale inayotoka kwenye nyota za mbali. Inatupitia sote, anasema, hata dari haiizuii. Kila asubuhi saa mbili Bi Hija hukiwasha, akashona saa nzima, kisha akaandika idadi daftarini. Miaka miwili hajakosa siku. Mtaani wakamwita Bi Miale, na jina akalipenda.

Basi Mei ya mwaka 2024, siku ya Ijumaa, akenda harusini Bububu, akalala huko huko. Jumamosi alfajiri karudi, na saa mbili yuko na sanduku lake. Kawaida yake hupata elfu tatu na mia. Siku ile ikasimama elfu mbili mia tisa. Akapangusa vumbi, akaangalia waya. Jumapili vile vile.

Jumatatu Mwalimu akapanda ngazi. Nami nilikuwepo, nimefuata kofia yangu.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwanangu."

Akalifungua daftari, uso ukabadilika. "Hizi umekisia. Mke wangu kakuona Bububu, unapiga vigelegele mpaka sauti imekauka."

"Vigelegele nlipiga. Kukisia sikukisia."

"Basi futa, tuandike ya kawaida. Wenye sanduku wakiona hivi watasema hatufai, watalichukua."

Bi Hija akachomeka sindano kwenye kitambaa. "Mwalimu, kofia nkiongopa tundu moja, utaivaa wewe, lakini aibu yangu mie. Sifuti."

"Basi Ijumaa ntampa mtu mwengine."

Alipoondoka, Bi Hija akaichukua tena kofia. Niliona anafumua safu nzima. Mkono ulikuwa umekosea. Lakini Jumanne na Jumatano akahesabu kama siku zote, akaandika alichokiona: zimepanda, kidogo tu.

Alhamisi mapema nimerudia kofia yangu, mara Mwalimu huyo, anahema. Habari zimekuja kutoka kwa wenye mashine kama ile nchi za mbali: zote zilishuka siku ile ile. Jua lililipuka, likatema wingu kubwa lenye nguvu ya sumaku. Popote wingu kama hilo linapopita, hata huko kwenye sayari ya Mirihi, huisukuma ile miale ya nyota. Hupungua siku kadhaa, halafu ikarudi taratibu. Sasa wenye sanduku wanazitaka hesabu za Unguja, zote, kama zilivyoandikwa.

"Nisamehe, Bi Hija. Nlikudhania vibaya."

Bi Hija akamtazama juu ya miwani. "Kumbe aliyekwenda harusini ni jua."

Tukacheka, Mwalimu macho chini. Akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama yu radhi kuendelea na sanduku.

Bi Hija alikuwa keshaivuta kofia yake, mkono mwengine uko kwenye swichi.

"Saa mbili hii," akasema. "Kaa hapo, na usinisemeshe."