Kofia ya Baba Mkwe

Mkitaka niape, nitaapa. Hili lilinipata mimi mwenyewe, Nyansiongo, na anayetaka kucheka aje anicheke mbele yangu.

Baba mkwe wangu alipooza, akawa hasemi wala hainui kidole. Mimi nilipika uji, mume wangu akamnywesha kwa kijiko. Sasa, nilikuwa na mkanda wa bei rahisi niliounua chuoni, unaovaliwa kichwani ukasoma mawimbi ya ubongo na kuyachora kwenye simu. Mtu akishtuka, mstari unaruka. Akituliza akili, unatulia. Nikasema tumpime Tata, ndivyo tulivyomwita baba mkwe, tujue kama anatusikia.

Lakini chinsoni, heshima yetu Wakisii, hairuhusu mke wa mwana kumgusa baba mkwe wala kuingia anapolala. Akaingia shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Nikabaki sebuleni na simu. Mstari ulilala kabisa.

Nikachungulia. Niamini, mtu mzima yule alikuwa amemvalisha mkanda juu ya kofia ya sufu!

"Toa kofia! Lazima uguse ngozi!"

"Wewe ni bibi ya ndugu yangu, heshimu hapa," akasema. "Mashine imesema. Huyu mzee alishaenda."

Alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba la Tata, mnaona? Jioni ile akapiga marufuku uji. Mume wangu akaweka kijiko chini. Tata akafa njaa, huku tukikamua ng'ombe nje ya dirisha lake. Namchukia shemeji hadi leo. Kwenye mazishi aliutupa mkanda jenezani: "Azikwe na uchawi yako."

Kesho yake jioni nakata majani ya ng'ombe karibu na kaburi, simu ikatetemeka. Mkanda umeunganishwa. Mstari unaruka kama kuku aliyeshikwa. Chini ya udongo wote ule, nani ameuvaa?

"Tata," nikasema, "kama unanisikia, tulia."

Ukatulia.

Nikauliza, "Unataka uji?" Mstari ukapanda mpaka ukatoka kwenye kioo.

Mume wangu aliuona kwa macho yake, akakimbia kumwita kaka yake. Shemeji naye akaleta saruji, akaliziba kaburi.

Siku hizi naishi Nyamira mjini. Simu ni mpya, haijui mkanda wowote. Lakini kila asubuhi nikikoroga uji wa watoto, inatetemeka. Siiangalii.

Nawe mwenye mgonjwa asiyesema, nakuomba: kabla hujakubali mashine iseme ameenda, mvue kofia kwanza.