Vumbi la Chumba cha Arobaini

Kwetu, mtoto wa kwanza binti humzalia kwao. Hilo halijadiliwi. Mume apende asipende, mimba ikikaribia anamfungashia mkewe virago na kumrudisha kwa mama yake. Huko atajifungua, atakaa ndani siku arobaini, atapikiwa uji wa pilipili manga na kukandwa maji ya moto, na mtoto hatatolewa nje mpaka siku zitimie. Mimi nilizaliwa hivyo, Kondoa. Kwa hiyo binti yangu wa mwisho alipopiga simu kutoka Ololosokwan, alikoolewa na mwalimu mwenzake, akasema anakuja, nilifunga duka saa nane mchana nikaenda nyumbani kutazama chumba.

Chumba chenyewe ni cha uani. Nyumba yetu hapa Karatu mjini ni ya siku nyingi. Ilijengwa kwa ajili ya msimamizi wa shamba la kahawa, na sisi tuliinunua ikiwa imeshachoka. Ilikuwa imeezekwa kwa yale mabati mazito ya kijivu, ambayo wote tuliyaita mabati ya saruji, na nilikuwa nalisifia paa lile mpaka majirani wakanichoka. Mvua ikinyesha, kwa wenzangu watu hupiga kelele ndipo wasikilizane. Kwangu tunaongea kama kawaida. Jua likiwaka, ndani baridi. Vyumba vya mbele vina dari ya mbao, lakini kile cha uani hakikuwa na dari, ukilala unatazama bati lenyewe. Na kwa sababu kwa miaka mingi kilikuwa jiko la kuni, bati lote lilikuwa jeusi kwa masizi.

"Mjukuu wangu hawezi kukaa siku arobaini anatazama masizi," nikamwambia mke wangu.

"Basi ita fundi."

Mimi nina kichwa kigumu, sikatai. Nikiambiwa niite fundi, hapo ndipo mikono inaanza kuniwasha.

Binti alifika na begi moja na tumbo kubwa. Siku ya tatu alienda kliniki asubuhi, nami nikaona ndiyo nafasi. Nikapanda juu ya meza na brashi ya waya na msasa mkavu, nikaanza kukwangua. Nilikwangua kutwa nzima. Masizi yalitoka, na chini yake likatoka lile bati lenyewe, unga wa kijivu laini kuliko unga wa sembe, ukanijaa kichwani, kwenye kope na mdomoni. Sikujifunga hata kitambaa. Sisi watu wa Karatu vumbi halitutishi. Upepo wa Julai ukianza tunakunywa chai yenye vumbi jekundu na tunamshukuru Mungu. Vumbi la kijivu lingenitisha kwa lipi?

Mke wangu akaja nyuma na ufagio. Ni mwanamke msafi, msafi wa kukera. Akafagia, vumbi likapanda, likatua, akafagia tena. Jua la dirishani lilikuwa linaonyesha chembe zinavyoelea hewani, na ninakumbuka nilifikiri ni pazuri.

Binti aliporudi kutoka kliniki alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni, akamwona mama yake ameinama, akanyoosha mkono kuupokea ufagio. Tumemlea hivyo, hawezi kumwona mama yake anafanya kazi naye akasimama tu. Mimi nikampigia kelele kutoka juu ya meza: "Toka hapo! Mja mzito hafagii kwenye nyumba yangu! Unataka watu waseme nimekuita uje kufanya kazi?" Nilikuwa nimechoka, shingo inaniuma, na nilisema kwa ukali usiohitajika. Akageuka, akaenda chumba cha mbele akafunga mlango. Hakula nasi jioni ile. Mke wangu naye alininunia, na mimi nikawanunia wote wawili.

Kesho yake asubuhi akaja fundi rangi, kijana mmoja wa Endabash ambaye humaliza kazi kabla hujamaliza kumweleza. Aliingia hatua moja, akatazama juu, akatazama sakafu, akarudi nyuma mpaka uani.

"Mzee, nani amekwangua humu?"

"Mimi mwenyewe," nikasema, nikisubiri anisifu.

"Basi mimi humo siingii."

Nikamwambia kama anaona uvivu, atafute sababu nyingine. Hakukasirika. Aliweka ndoo yake chini, akanieleza kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye loji moja kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, wakati inakarabatiwa. Ilikuwa na paa kama langu. Walikuja watu maalumu, wamevaa maovaroli meupe kuanzia kichwani hadi miguuni na barakoa nzito zenye vichujio, wakalilowesha paa kwa maji, wakafungua bati mojamoja bila kulivunja.

"Polepole, mzee, kama unamvua mtoto nguo akiwa amelala. Na sisi mafundi tulihamishiwa getini. Waliniambia hiyo kitu inaitwa asbestosi. Ukiikwangua, inaingia kwenye mapafu na haitoki."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini nyuma yangu mke wangu alikuwa amesimama na ufagio, na nilimwona anauegemeza ukutani taratibu.

Fundi ndiye aliyempigia simu afisa afya wa kata. Alikuja kabla ya adhuhuri, msichana mdogo kuliko binti yangu, akanipa shikamoo, na baada ya shikamoo hakuwa mdogo tena. Alisimama mbali na mlango akauliza maswali. Nani alikwangua? Kwa kitu gani? Nani alifagia, kwa maji au kwa ukavu? Nguo mlizovaa ziko wapi? Nani analala humu?

"Bado hakuna," nikasema. "Tunakiandaa kwa ajili ya arobaini."

Akamtazama binti yangu, ambaye alikuwa ametoka na kusimama jikoni mlangoni, mikono juu ya tumbo.

Halafu alitueleza, bila kutuogopesha na bila kutubembeleza. Kwa uhakika kabisa ni maabara tu ndiyo ingeweza kusema, lakini paa la umri ule na la aina ile lazima tulichukulie kuwa ni asbestosi. Bati zima, lisiloguswa, linashikilia nyuzinyuzi zake. Ndiyo maana tulikaa miaka yote hiyo chini yake. Shida ni kulivunja, kulitoboa, kulikata, kulikwangua. Hapo nyuzi zinatoka, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni, zinaelea ndani ya chumba kwa saa nyingi, na ukifagia kwa ufagio mkavu unazinyanyua upya. Zikishaingia kwenye mapafu zinakaa. Baadaye zinaweza kuleta kovu la mapafu, pumzi ikawa fupi, au saratani.

"Baadaye lini?" nikauliza.

"Miaka mingi, mzee. Ishirini, thelathini, hata zaidi."

Nikacheka. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu. "Huo ugonjwa ukija baada ya miaka thelathini utanikuta wapi? Uulize makaburini." Fundi akacheka, hata afisa afya akatabasamu. Kisha nikamtazama binti yangu. Ana miaka ishirini na sita. Nikajumlisha thelathini, nikapata mwanamke ambaye bado ana nguvu, ana wajukuu wa kwanza. Nikamfikiria na yule wa tumboni, ambaye kwake thelathini ni ujana mtupu. Kicheko kilikatika, nikakaa kwenye ndoo ya rangi ya fundi.

"Mama kijacho," afisa afya akamuuliza, "wewe uliingia?"

"Nilifika mlangoni tu. Nilitaka kufagia, baba akanifukuza."

"Alikufukuza kwa nini?"

Binti akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu jana. "Kwa hasira zake."

"Alisimama mlangoni muda gani?" afisa afya akamgeukia mke wangu.

"Hata dakika haikufika," mke wangu akasema. "Alifukuzwa kama mbuzi. Halafu akajifungia chumba cha mbele."

Afisa afya akashusha pumzi, na sisi wote tukashusha pamoja naye. Alisema hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba pumzi moja haina kitu, lakini wanaougua zaidi ni wale waliofanya kazi na vumbi hilo kwa miaka, na dakika moja mlangoni si jambo la kumkosesha mja mzito usingizi. Mimi na mke wangu tulipata zaidi, siku moja nzima, na hiyo pia ni ndogo ukilinganisha na hao. Tusikimbilie kupiga picha ya kifua, kwa sababu picha ya leo haitaonyesha vumbi la jana. Tumweleze daktari kila tutakapotibiwa kifua, iandikwe kwenye daftari.

"Unavuta sigara, mzee?"

Nikasema hapana. Mke wangu akakohoa, akasema, "Muulize nyuma ya duka."

"Basi hizo za nyuma ya duka uziache," afisa afya akasema. "Sigara na vumbi hili vikikutana vinasaidiana." Nimeziacha. Sikuziacha kwa uungwana, wiki mbili za kwanza hakuna aliyeweza kukaa na mimi.

Mchana ule tulifanya alivyosema. Hakuna aliyeingia kile chumba, hata kutoa meza. Mlango ulifungwa, nyufa zote zikazibwa kwa nailoni na utepe wa gundi. Nguo tulizovaa jana zililoweshwa, zikatiwa kwenye mifuko ya nailoni miwili miwili na kufungwa, tena pamoja na kanga ambayo mke wangu aliipenda. Tukaoga na kuosha nywele. Sakafu ya korido ilipigwa deki kwa kitambaa cha maji, na kitambaa nacho kikatupwa mfukoni, kisifuliwe. Ufagio ulienda pia. Mke wangu alilia alipoufunga. "Nilifagia mara nne," alikuwa anasema. "Mara nne, kwa usafi wangu." Nilimshikia mfuko.

Likabaki swali la arobaini. Afisa afya alisema vyumba vya mbele vina dari nzima na mlango wa uani umezibwa, hakuna ubaya. Mimi sikutaka hata kusikia. Nikaenda dukani.

Duka langu ni chumba kimoja kikubwa chenye mabati ya kawaida, dari ya mbao, sakafu ya saruji, na choo nyuma. Nauza mashuka ya Kimaasai, kanga, ndala, sufuria. Mke wangu aliposikia ninachotaka aliuliza kama nataka mjukuu alelewe kama doti ya kanga, juu ya rafu. Lakini alikuja kusaidia. Tulitoa kila kitu, tukadeki mara tatu, tukaweka kitanda, na mimi nikapanga mashuka yangu barazani kwenye meza mbili kama nimeanza biashara jana.

Mtoto alizaliwa hospitalini hapa mjini, wa kike, akaletwa dukani amefungwa kwenye kanga mbili. Wateja wangu wa Ngorongoro wakaja siku ya mnada, wakakuta mlango umefungwa, na ndani kuna kilio. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka yote, akaweka sikio mlangoni.

"Mzee, duka yako imezaa?"

"Imezaa, mama."

Kwao pia mzazi hukaa ndani kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliwanyamazisha wenzake wote, na siku ile mashuka yaliuzwa kwa kunong'ona, bei zikapatanwa kwa vidole. Mnada uliofuata alileta kibuyu cha maziwa na hakukaa kungoja shukrani.

Katikati ya arobaini wakaja wenye kibali cha kuondoa paa. Tuliwatazama kutoka kwa jirani, mbali. Ilikuwa kama fundi alivyosema, maji, maovaroli, bati zima likishuka, linafungwa kwenye nailoni nene, linapakiwa. Walisafisha kile chumba, wakachukua mifuko yetu, hata vipande vya zamani vilivyokuwa vimelala uani, ambavyo nilimgawia jirani huyo huyo akaezekea banda la kuku, maana nilikuwa mkarimu. Nikaezeka mabati ya kawaida. Mvua ya kwanza ilipopiga, mimi na mke wangu tulikaa sebuleni tukipigiana kelele na hatusikilizani, na nilifurahi mpaka akaniuliza nacheka nini.

Siku ya arobaini mke wangu alimwogesha mtoto, akamvisha, akafungua mlango wa duka. Majirani walikuwa wamejaa barazani. Mimi ndiye niliyetakiwa kumpokea kwanza na kumsomea dua. Lakini kabla ya kumpokea nilimwita mama yake pembeni, nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtoto wangu yeyote. Nilimwomba radhi. Kwa kumfokea siku ile, na kwa chumba nilichomwandalia.

Akarekebisha mtandio wake.

"Baba, kama ungenibembeleza, ningeingia," akasema. "Ningefagia mpaka kwisha, halafu ningelala humo humo."

Nilimchukua mtoto kutoka kwa bibi yake, watu wakatulia wakingoja dua, nami sikuisoma mara moja. Niliinamisha kichwa nikaweka sikio kifuani kwake. Alikuwa anapumua vizuri, na puani kulikuwa na mkoromo kidogo, kama watoto wote wa siku arobaini.