Nyumba Iliyojengwa kwa Umbo la Beti

Fundi mwashi huyu watu walimwita Profesa kwa kumkejeli, naye akadhani wanamsifu. Alikuwa amehudhuria semina moja tu kuhusu siri za herufi za Kiebrania, akarudi kichwa kimevimba. Kusoma Kiebrania hakuweza hata neno moja, ila kufundisha aliweza.

Kipenzi chake kilikuwa Beti, herufi inayofungua Maandiko. Imezibwa juu, chini na nyuma, imeachwa wazi mbele tu, ili mtu asichungulie yaliyotangulia uumbaji. Tena maana yake ni nyumba. Basi alipoijengea familia yake nyumba, mlango na madirisha yote akayaweka mbele, kwingine kote ukuta mtupu. Fundi mzima, mwenye mikono miwili na futi ya kupimia, akajenga tanuri akahamia.

Mkewe alikuwa na pumu. "Baba watoto, toboa japo kadirisha huku nyuma. Sipumui."

"Nitoboe herufi ya Mungu?"

Jioni wanafunzi wake, watu wazima na akili zao, walijazana mlangoni na madirishani wakimvika kilemba cha ukoka, na hewa kidogo iliyokuwepo wakaivuta wao. Siku moja mkewe alibanwa kifua humo ndani, sauti ya kuita hana. Akajikokota akishika ukuta, akapenya katikati yao hadi nje. Profesa akaendelea na somo. Mama wa watu akaenda zake kwa dada yake.

Kupika na kufua kukamshinda bwana. Wanafunzi nao, chai ilipokosekana, wakaanza kupata udhuru. Mwishowe akaenda kwa shemeji yake, uso unang'aa kama mwenye habari njema.

"Mama watoto, rudi. Nimegundua herufi nyingine, inaitwa He. Hiyo ina upenyo ubavuni, wa kumpitisha anayerudi kutubu. Kwa hiyo dirisha linaruhusiwa. Ukuta wa nyuma nimeshautoboa."

Mkewe alikuwa akichambua mboga, akaziweka chini.

"Nilikuambia sipumui, hukutoboa. Herufi imekuambia, umetoboa."

"La muhimu dirisha lipo."

"Na huyo anayerudi kutubu ni nani?"

Profesa akashangaa kuulizwa jambo rahisi namna hiyo. "Si wewe, uliyeondoka?"

Dada mtu akainuka, akamfungulia shemeji yake mlango.