Pasi Iliyowaka Stima Ikiwa Imepotea

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati hutapata nafasi. Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Kilinipata mimi mwenyewe, hapa Kisumu, miaka ya themanini ikielekea mwisho.

Nilikuwa msichana wa kupokea simu katika kampuni moja mjini, na nilipanga chumba Nyalenda. Mjomba wangu alinipa kamera yake ya zamani macho yake yalipoanza kuona ukungu. Wenye kamera wenzangu walipiga harusi na ubatizo. Mimi nilipiga waya. Ndiyo, waya! Waya wa redio uliofungwa fundo kwenye msumari. Waya unaotoka chumba hiki, unapita juu ya kamba ya nguo, unaingia dirishani kwa jirani. Nilipiga pia masufuria yaliyoanikwa juani, viatu mlangoni, ndoo zilizopanga foleni bombani bila wenyewe. Ni vitu ambavyo kila mtu anaviona na hakuna anayevitazama. Majirani walinicheka sana.

"Dada, sasa hiyo waya itatabasamu kwa picha?" waliniuliza.

Mimi nilikuwa na tabia yangu moja. Kabla sijapiga, lazima niufuate waya kwa macho, kutoka unapoanzia hadi unapoishia. Sikuweza kuupiga bila kujua unakoenda.

Sasa, Jumamosi moja jioni, jua limetoka tu kuzama upande wa ziwa, stima ikapotea. Mtaa mzima ukawa giza. Nilikuwa natoka kibandani kununua mshumaa, kamera begani, nikaona mwanga. Dirisha dogo, nyumba ya mwisho kabisa upande wa mashamba ya sukumawiki, linawaka taa ya manjano. Nyumba nyingine zote giza. Nikasikiliza kama kuna jenereta. Kimya. Wewe ungefanya nini? Mimi niliwaza picha tu. Nikaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mwanamke alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mtoto wa shule, ametandika blanketi juu ya meza. Waya wa pasi ulipanda moja kwa moja hadi kwenye holda iliyokuwa karibu na balbu, kama wengi walivyofanya wakati ule kwa kukosa soketi.

"Hodi hapa," nikasema.

"Karibu. Wewe ni ule dada wa kupiga waya."

"Ndiyo mimi, Mama."

"Basi piga hii. Mimi usinipige."

Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila maji. Hakuinua uso. Nikadhani ni haya tu. Nikainua kamera, nikapiga mara moja, flashi ikamulika. Halafu, kwa mazoea yangu, nikaanza kuufuata ule waya. Kutoka kwenye pasi, pale umeungwa kwa tepu nyeusi, ukapanda mpaka kwenye holda. Kutoka kwenye holda ukapita juu ya boriti, ukatokea tundu la juu ya dirisha. Nikatoka nje kuona unakoelekea.

Haukuelekea popote. Niamini. Ulishuka ukutani ukaishia hapo, umekatwa, shaba yake imekuwa kijani kwa kutu, ncha inaning'inia juu ya majani. Haukuunganishwa na chochote duniani. Nikachungulia dirishani. Pasi ilikuwa inafuka mvuke kwenye shati.

Utauliza kwa nini sikukimbia. Hata mimi nimejiuliza. Miguu ilikataa, na kabla sijaibembeleza, yule mwanamke akasema kutoka ndani:

"Dada, umeona?"

"Nimeona."

"Basi nichomolee. Mkono wangu umekataa kuachilia."

Alikuwa analia. Nikasogea mlangoni, na sasa nikaona yale ambayo kamera ilinifanya nisiyaone. Tangu nifike, pasi ilikuwa inarudia mkono uleule wa shati. Vidole vyake vilikuwa vimeukamata mshikio mpaka mifupa inataka kutoka. Mkono wote ulikuwa unatetemeka, mtetemo mdogo usiokoma, kama friji inavyonguruma. Alikuwa hana viatu, na sakafu chini ya nyayo zake ilikuwa imelowa maji.

Niliogopa. Lakini mtu analia mbele yako, anakuomba kitu kidogo hivyo. Unamwacha? Nikaingia. Nikapanda juu ya kigoda, nikashika kile kichwa cha waya pale kwenye holda, nikakizungusha, kikatoka.

Stima haikunirusha. Ilikuja baridi. Baridi kali iliingia kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, ikapanda mpaka kiwiko. Nikamsikia yule mwanamke akishusha pumzi ndefu, ndefu sana. Nikasikia pasi ikiwekwa mezani, taratibu. Kisha giza.

"Nani huko ndani?"

Mwanga wa taa ya mafuta ukaja kutoka nje, mkononi mwa mama mmoja mzee. Ulipomulika, nyumba haikuwa na paa. Juu yangu ni mbingu. Majani yalinifika magotini, kuta zimeliwa na mvua, na mimi nimesimama juu ya lundo la udongo ulioporomoka.

"Nyathina, mwanangu, toka humo!" Akanivuta kwa nguvu ambazo sikutegemea kwa mtu wa umri wake, akanipeleka kwake, hatua chache tu kutoka pale. Hata jina langu hakuuliza.

"Umemwona?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akanieleza kwamba yule alikuwa mke wa mwanawe. Jioni aliyokufa, miaka kadhaa nyuma, stima ilikuwa imepotea, naye akaenda kuoga akiiacha pasi kwenye waya. Stima iliporudi alitoka mbio, miguu imelowa, amalize shati kwa sababu mtoto alikuwa anafungua shule. Pale kwenye tepu waya ulikuwa umechubuka. Stima ikamshika. Mama mzee alisimama mlangoni, watu wakimpigia kelele asimguse, naye anatafuta kijiti kikavu cha kuuondolea waya, hakioni. Alipokipata, kazi ilikuwa imekwisha. Baada ya mazishi mwanawe alimchukua mtoto akahamia kwa jamaa kule Pap Onditi, na nyumba ikaachwa ianguke.

"Wengi wamemwona," akasema. "Wote wanakimbia. Mimi mwenyewe naenda pale namwita, hanijibu. Wewe alikuambia nini?"

"Aliniomba nichomoe waya, Mama."

"Ukafanya nini?"

"Nikachomoa."

"Aliachilia?"

"Aliachilia. Nilisikia pasi ikiwekwa chini."

Yawa! Yule mama aliweka taa sakafuni, akajifunika uso kwa leso, akalia mpaka majirani wakaja. Nilikaa naye.

Filamu ile niliipeleka kwa mzee mmoja Mhindi aliyekuwa na studio mjini, aliyenizoea kwa vituko vyangu vya waya. Nilipoenda kuchukua, alinipa picha zote isipokuwa moja.

"Hii piga wapi?" akaniuliza.

Kuta zilizobomoka, majani, na mbingu ya jioni pale paa lilipotakiwa kuwa. Katikati, waya mweusi umenyooka kwenda juu, haukushikwa na kitu. Na juu ya majani, shati jeupe la mtoto.

"Chukua na negativu yake," akasema. "Mimi hapana taka hii kaa dukani."

Nikampelekea mama mzee. Alilitazama lile shati akipitisha kidole kwenye kola, kwenye mkono mmoja, kwenye mkono wa pili. Hapakuwa na kunjo hata moja.

"Amemaliza," akasema. Picha hakunirudishia, na mimi sikuiomba.

Taa ile haijaonekana tena na mtu yeyote niliyewahi kumuuliza. Lakini vidole vyangu viwili havijapata joto tangu siku hiyo. Jua la mchana la Kisumu unalijua, watu wanatiririka jasho, na hivi viwili ni kama vimetoka majini. Madaktari wamevichunguza, hawaoni kitu. Na stima ikipotea, vinaanza kutetemeka muda mfupi kabla haijarudi. Watoto wangu wamezoea. Wanakaa gizani wakinitazama mkono, wananiuliza, "Mama, bado?"

Waya sikupiga tena. Na wewe unayenisikiliza, ukiona taa moja inawaka mtaa mzima ukiwa giza, simama, utafute kwanza waya wake unatoka wapi. Ukiukosa, rudi nyumbani. Ukiwa umeshaingia na mtu anakulilia, hapo sina ushauri, fanya utakavyoweza, ila hutatoka kama ulivyoingia. Na stima ikipotea ukiwa unapiga pasi, usiende kuoga, usiende popote. Chomoa waya. Chomoa wewe mwenyewe, mkono wako ungali unakutii.